Maji ya Mikono Minne

Usiku wa jana niliota, na naandika hivi sijapiga mswaki wala sijatandika kitanda, maana nikisubiri chai habari itanipasua, niliota nimekuwa tone la mafuta ndani ya pipa la mama.

Si tone kubwa. Tone dogo la mawese, jekundu, kama punje ya mtama hivi. Ila nilikuwa na miguu yangu na gauni langu la kulalia, na nilijua kabisa kwamba mimi ni Tunu, nasoma kemia chuoni, nimekuja likizo nyumbani Ujiji kwa ajili ya harusi ya dada yangu Shemsa, anayeolewa na Idrisa wa Mpanda. Hilo ndilo la kwanza nililolijua. La pili nililolijua ni kwamba chini yangu kuna moto.

Ngoja kwanza niwaambie ya jana jioni, la sivyo mtapotea.

Jana jioni mama alikuwa anachemsha mawese uani, kwenye lile pipa lake lililokatwa nusu. Ni mawese ya kupikia samaki, migebuka, siku ya harusi, Ijumaa. Na mama yangu akichemsha mawese ana sharti moja, kalirithi kwa mama yake: mtu asiitwe jina karibu na pipa. Ukimtaka mtu, mfuate umguse bega. Ukiita jina, mama anasema, mafuta yanasikia, yanadhani yameitwa yenyewe, yanaona haya, yanajificha ndani ya maji na kupanda juu hayapandi tena.

Mimi sasa nina ugonjwa wa habari. Nikiwa nayo siwezi kutembea nayo taratibu. Shemsa ni kinyume changu, unaweza kumpa siri akaisahau mpaka wewe mwenyewe ukamkumbushe. Jana nimetoka chumbani mbio, nikafika mlangoni pa uani, nikapaza sauti: "Shemsa, paka wa Bi Nyamizi kazalia kwenye sanduku lako la harusi."

Mama akaacha kukoroga. Akanitazama. Akachota bakuli la maji baridi mtungini, akalimwaga kwenye pipa. Hiyo ndiyo dawa yake, anaita kupooza jina.

"Haya," akasema. "Yameshajificha. Na huyu ndiye tunayemsomesha."

"Mama, hilo ni jambo la kisayansi tu, ukikoroga sana mafuta yana..."

"Nyamaza kabla hujaita mwingine."

Shemsa alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono ameinyoosha mbele kama mtu anayesukuma ukuta, hina inakauka. Alikuwa amepakwa maua mpaka kwenye ncha za vidole. Kwenye kidole kidogo cha kushoto ua lilikuwa na jani moja limevutika, kwa sababu alipiga chafya katikati ya kazi. Mimi sikupakwa. Kidole changu kidogo cha kushoto kina kovu la tindikali ya maabara, jeupe, kama alama ya koma, na yule mama aliyekuwa akipaka hina alikitazama akasema hiki tukiache kipumzike.

Basi. Hayo ndiyo ya jana. Sasa niko ndani ya pipa.

Kumejaa watu wa maji. Kila mmoja ana mikono minne, miwili ya kutoa na miwili ya kupokea. Nyuso hawana, ila ukitazamwa unajua. Wanashikana, wanaachiana, wanamshika mwingine, wanazunguka, wanapishana, kicheko kitupu. Nikasema hapa ni pazuri, ngoja niingie.

Nikaingia, na kicheko kikakatika.

Mmoja akanisogelea, mwanamke, sauti yake kama ya nesi wa zamu. "Mikono," akasema.

Nikanyoosha mikono. Akaishika. Ikateleza. Akajaribu bega, likateleza. Akajaribu sikio.

"Huyu hana pa kumshika," akawaambia wenzake, bila hasira, kama mtu anayesema huyu hana viatu.

Likapita neno kutoka kwa huyu kwenda kwa yule: hana pa kumshika, hana pa kumshika. Kisha wote waliokuwa jirani yangu wakafanya jambo moja kwa pamoja. Wakaigeuza mikono yao isinielekee. Wakashikana wao kwa wao, kunizunguka, juu, chini na pembeni. Walijipanga watano watano, kila watano wakifanya kidirisha cha pande tano, madirisha yakaungana yakawa kama ngozi ya mpira wa miguu, na mimi nikawa pumzi ya ule mpira.

Na wakatulia. Jamani, kule kutulia. Sijawahi kuogopa kitu kama kule kutulia. Huko nyuma yao wengine bado wanacheka na kuzunguka, ila hawa wangu wamesimama kama watu waliofiwa, na wote wamenikazia nyuso wasizokuwa nazo.

"Samahani," nikasema. "Mnanichukia?"

"Hapana," akasema Nesi.

"Shuleni tulifundishwa maji na mafuta hayapatani."

"Aliyewafundisha hakutuuliza. Kukugusa hakutuumi. Hakutuchomi, hakutugandishi. Tupime." Akachomoa kipimajoto kwenye kwapa lake la tatu.

Kipimajoto kikajitazama. "Hakuna badiliko," kikasema, kikarudi kwapani.

"Basi tatizo liko wapi?"

"Tatizo nimekaa hivi." Alikuwa anaongea bila kugeuza shingo. "Kabla hujaja nilikuwa nageukia popote. Huyu nampa, yule napokea, nazunguka. Sasa upande wako hakuna wa kumpa wala wa kunipa. Nikikugeukia, mikono inabaki hewani. Kwa hiyo sikugeukii. Na jirani yangu hakugeukii, na jirani yake. Umetufunga bila kamba, bi mgeni."

"Pole sana."

"Pole haizunguki."

Nilitaka kumwambia kwamba haya yote nayajua, tulisoma muhula uliopita, mhadhiri alichora hivyo hivyo na chaki ya bluu. Gharama si joto, gharama ni uhuru wa maji. Niliandika hivyo kwenye jaribio nikapata alama zote. Ila ni jambo moja kuandika, na ni jambo jingine kutazamwa na ile gharama yenyewe.

"Humu kuna sheria," akaendelea Nesi. "Mahali vurugu ikipungua, mtu lazima aulizwe."

"Anaulizwa na nani?"

Wote wakatazama juu, na mimi nikatazama.

Juu kulikuwa na mbingu ya moshi, na chini ya ile mbingu unapita upawa. Mkubwa kama mtumbwi. Ulikuwa unatembea juu ya maji polepole na kutangaza, sauti ya mama kabisa, ila imepoozwa kama ya tangazo la stesheni: "Waliojiunga, wapande. Waliojiunga, wapande."

"Wakipanda wanakwenda wapi?" nikauliza.

"Kwenye dumu."

"Halafu?"

"Halafu Ijumaa."

Na mimi Ijumaa naijua. Ijumaa ni migebuka.

Nikageuka nikimbie, na nilipogeuka nikawa kwenye chumba cha mtihani.

Ni kile kile cha chuoni, na saa yake mbovu ukutani. Niko kwenye dawati, nimelowa. Wale watu wa maji wamesimama kunizunguka vile vile, wameshikana, nimekuja nao. Mbele yangu kuna karatasi yenye swali moja tu: *Eleza kwa nini wewe na dada yako mnapendana. Tumia mchoro.*

Nikatazama dawati la pili. Amekaa Shemsa.

Naye ni tone. Jekundu, dogo, na hina yake mikononi, na kanga ile anayolalia. Na yeye amezungukwa na watu wa maji, watano watano, kimya. Amekaa wima kama yuko kwa daktari wa meno. Shemsa hajawahi kukaa kwenye mtihani tangu kidato cha nne, yeye ni fundi cherehani, na mitihani aliiacha kwa furaha.

"Dada," nikasema, "umefikaje humu?"

"Si umeniita."

"Mimi?"

"Nimelala zangu, nasikia unaniita, eti paka kazaa. Nikashuka nije nione." Akatazama huku na huku. "Paka yuko wapi?"

Hapo nikaelewa. Nimemwita mimi. Kwa jina, karibu na pipa. Mafuta yamesikia, na katika mafuta hayo yeye naye yumo, na upawa unapita juu, na Ijumaa ndiyo siku ambayo mtu huyu anatakiwa awe amekaa kwenye kiti cha bibi harusi, si kwenye sahani.

"Usitikisike," nikamwambia. "Nakutoa humu. Wewe kaa hivyo hivyo."

"Unajua njia?"

"Nasoma kemia."

"Kwa hiyo hujui."

Nikasogeza dawati kidogo nimfikie. Likasogea zaidi ya nilivyolisogeza. Na lake likaanza kuja. Kadiri tulivyokaribiana ndivyo tulivyozidi kwenda mbio, na moyo wangu ukajaa, nikasema, ona, ndugu ni ndugu, hata ndani ya pipa damu inamvuta mtu.

Duara langu na duara lake yakagusana. Waliokuwa katikati yetu, watu wa maji wa upande huo, wakaminywa wakachomoka nje. Walipochomoka tu wakaanza kuzunguka na kucheka, mmoja akanusurika kuanguka kwa furaha.

"Asante," akasema Nesi. "Endeleeni."

"Tunavutana," nikamweleza, "kwa sababu tunapendana."

"Hamvutani. Tunawasukuma."

"Hapana, mimi nahisi navutwa."

"Unahisi hivyo kwa sababu tuko mgongoni kwako." Bado hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililonitia baridi. "Mkikaa mbali mbali, wengi wetu wanasimama kuwazunguka. Mkikaa pamoja, wachache wanatosha, wengine wanarudi kucheza. Ndiyo hivyo tu. Hakuna anayewapenda, hakuna anayewachukia."

"Lakini nilimpenda hata kabla ya pipa."

"Inawezekana," akasema Nesi. "Sisi hiyo hatuipimi."

Sasa mimi na Shemsa tumekaa bega kwa bega. Na kwa mazoea, sikufikiri hata kidogo, nikampa kidole changu kidogo cha kushoto. Tangu utotoni tunalala kitanda kimoja tumefungana vidole vidogo. Ukoo mzima unajua, shangazi anatucheka, anasema hawa watakuja kuolewa kama pingu. Shemsa akakiunga na chake, kile chenye jani lililovutika.

Vidole vikawa kimoja.

Havikuuma. Ilikuwa kama mtu anamimina chai kwenye chai. Nikatazama pale palipokuwa na vidole viwili, naona kimoja kinene, kina hina na kina kovu.

"Mbona raha," akasema Shemsa.

"Toa mkono."

"Subiri kidogo."

"Dada, toa mkono. Tukijiunga tunapanda. Tukipanda tunachotwa."

"Tunu," akasema, taratibu, bila kunitazama. "Mimi Mpanda siijui. Idrisa namjua, Mpanda siijui. Sijui soko lao liko wapi. Sijui nikiamka nitatazama dirisha gani." Alikuwa hajawahi kuniambia. Mwezi mzima tunashona, tunachagua vitambaa, hajaniambia. "Tukiwa tone moja hawawezi kuja kuoa nusu."

Niseme ukweli, nilipenda. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulala vibaya kwa kuwaza jinsi kile kitanda kitakavyobaki kipana.

Na wakati sijajibu, kiganja kikaungana na kiganja.

Ghafla ni ukumbi wa harusi. Taa za rangi, viti vimevalishwa vitambaa, na wageni wote ni maji, wamejaa mpaka nyuma, wanacheza. Pipa ndilo mshereheshaji. Linaongea kwa kuta zake, linatuzunguka kila upande.

"Bibi harusi na bibi harusi," linasema Pipa, "tunawaomba wakae karibu."

Tumekaa. Viti ni viwili, halafu ni kimoja na nusu.

Anakuja mpiga picha wa maji, kamera kwenye mkono wa kwanza, na mitatu iliyobaki inatupungia. "Sogeeni," anasema. "Sogeeni tena. Naona nafasi hapo katikati."

"Hakuna nafasi," namwambia.

"Ipo kidogo. Sogeeni."

Kila akisema sogeeni tunasogea. Kiwiko changu kimeshaingia. Na kichwani mwangu vinaanza kuja vitu visivyo vyangu. Nakumbuka jinsi ya kupachika zipu ya siri, na mimi kifungo tu kinanishinda. Nakumbuka Idrisa anacheka stesheni akiwa na mfuko wa machungwa. Namkumbuka vizuri kuliko inavyofaa. Nikaona aibu, na sikujua aibu ile ni ya nani.

"Haidrojeni, heli, lithi," anasema Shemsa kando yangu, macho kayatoa. "Tunu, haya maneno ni ya nini?"

"Nani Tunu?" nikauliza.

Tukatazamana.

"Si wewe," akasema. "Au ni mimi?"

Jamani. Nilitafuta jina langu kichwani kama unavyotafuta ufunguo kwenye mkoba mbele ya mlango, unakuta kila kitu, karatasi za pipi, hereni moja, ufunguo hakuna. Nikatafuta na la kwake. Hakuna. Tulikuwa watu wawili bila majina, na baada ya muda si mrefu hata hilo la wawili lisingekuwepo.

Kutoka chini ya sakafu ya ukumbi ikaja sauti ya kistaarabu kabisa. "Samahani kwa usumbufu," ikasema. Ilikuwa Moto. "Mama yenu kaongeza kuni. Nawajulisha tu."

Joto likapanda. Wale waliotuzunguka wakaanza kutetemeka, mikono inaachana, hawawezi tena kukaa vidirisha vidirisha. Kwa hiyo wakasukuma. Wakasukuma kweli kweli, kama watu mlangoni pa ofisi inayofungwa. Bega likaingia. Nywele zikaingia. Tukaanza kupanda.

"Waliojiunga, wapande," unasema upawa, na sasa unasikika karibu, unasikika hata jinsi unavyokwaruza ukingo. "Waliojiunga, wapande."

Nikamtafuta Nesi. Alikuwa mgongoni kwangu, anasukuma kama wengine, mikono yote minne.

"Hakuna namna?" nikamwuliza.

"Namna ya nini?"

"Ya kutosukumwa."

Akafikiri huku anasukuma. "Baridi," akasema. "Kwenye baridi sisi tunashikana tu hata usipokuwepo. Hatuna hamu ya kuzunguka. Kukuzingira wakati huo si kazi, ni kama kukaa kikao ambacho ungekaa tu. Tukipoa hatuwasukumi hivi."

"Nani analeta baridi humu?"

"Anayekoroga."

Na anayekoroga ni mama. Na mama huwa anamwaga maji baridi kwenye pipa kwa sababu moja tu duniani. Mtu akiita jina.

Nikafungua mdomo, na jina sina.

Nikamtazama mwenzangu, naye kafungua mdomo vile vile, kwa sababu wazo lilikuwa limeshakuwa la wote wawili. "Unalikumbuka?" akauliza. Au nikauliza. Shavu la kushoto lilikuwa limeshakuwa moja, siwezi kuapa.

Upawa ukatupitia juu, ukakosa, ukageuka.

Hapo ndipo nilipohisi kitu kooni. Kilianza kidogo kama mwiba wa samaki. Kikakua. Kinawasha, kinasukuma, kinataka kutoka. Nikakijua mara moja, maana ninacho tangu nikiwa na meno ya utoto. Ilikuwa habari. Na ndani ya lile tone lote la hina na zipu na haidrojeni, ilikuwa imekwama upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa umetulia tuli, unaweza kukaa nayo mwaka mzima bila kuitaja.

Basi nikasema moyoni, aliyeshikwa na habari ndiye mimi. Na huyu mwingine, anayeweza kunyamaza, ndiye yule ninayemwambia habari zote. Na habari ikaja na jina lake mbele yake, kama ilivyozoea.

"Shemsa," nikapaza sauti mpaka taa za ukumbi zikayumba, "paka wa Bi Nyamizi kazalia kwenye sanduku lako la harusi."

Muziki ukazima.

Upawa ukasimama juu yetu, unachuruzika. Na juu ya upawa, juu ya moshi, mbingu nzima ikauliza kwa sauti ya mama: "Nani ameita jina?"

Wageni wote, maelfu ya watu wa maji, wakanyoosha mkono mmoja mmoja kunionyesha.

Kisha bakuli likamiminika.

Baridi ilishuka kama dari. Watu wa maji wakavuta pumzi, wakashikana, kila mmoja na wanne wake, wakatulia, na safari hii kutulia kwao kulikuwa kwa usingizi, si kwa msiba. Mgongoni kwangu ule mkono mzito ukalegea. Kwa mara ya kwanza tangu nimeingia mle ndani, hakuna aliyenisukuma popote. Na nawaambia, nilipoacha kusukumwa nikatazama kama bado namtaka dada yangu. Namtaka. Nilifurahi kujua.

"Haraka," akasema Nesi. "Kabla hajaongeza kuni."

Tukaanza kuachana. Shavu likatoka, bega likatoka. Mawese yakipoa yanaganda, mnajua, na sisi tulikuwa tunaganda, tunatoka vipande vipande kama sabuni. Ikabaki mikono.

"Ukiniachia nitakuwa peke yangu," akasema Shemsa. Hakulia. Alikuwa anauliza kama anavyouliza kitambaa kitatosha.

Akajibu Nesi, amesinzia nusu.

"Humu hakuna peke yake. Tone likikaa peke yake, maana yake kuna watu wamesimama wameshikana kulizunguka. Hulioni hilo kwa sababu wewe uko katikati."

"Na huko Mpanda," akauliza Shemsa, "maji yapo?"

"Ya mgao," akasema Nesi. "Lakini yapo."

Shemsa akafikiri. Kisha akatikisa kichwa kama anavyofanya akikubali bei. "Haya. Vuta."

Nikavuta. Viganja vikaachana. Vidole vikaachana, vyote isipokuwa vile vidogo, vilikuwa vimeganda kwelikweli. Chini Moto unasema, "Samahani, kuna kuni nyingine." Nikavuta, akavuta. Kikakatika, tak, kama kijiti cha mdalasini, na kila mmoja akaondoka na alichobaki nacho mkononi. Hatukupata nafasi ya kutazama nani kachukua kipi. Watu wa maji wakapita katikati yetu, wakashikana, na mara ya mwisho namwona dada yangu yuko mbali, mdogo, mwekundu, amezungukwa pande zote, ananipungia.

Nilikuwa sijamaliza kumpungia. Upawa ukanipitia kwa chini na kunibeba.

Nikapanda. Maji yakaniacha, Nesi akaniacha, nikawa juu ya chuma, hewani, kwenye moshi, sina wa kunizunguka. Na likaja jicho la mama, kubwa kama mwezi, likanitazama kwa makini, kama anavyotazama mchele.

"Hili dogo," akasema mama. "Bado."

Akanimwaga.

Nikaamka kabla sijafika chini.

Ni asubuhi. Chandarua, ukuta wetu wa kijani, kelele za vyombo uani, mama anamwambia mtu kwamba mawese yamepanda yote, mazuri, mekundu, anashangaa. Paka wa Bi Nyamizi ananyonyesha juu ya vitenge vya watu. Shemsa amelala kando yangu, kanipa mgongo, vidole hatukufungana. Nikasema ahaa, ndoto, nikanyanyua mkono nijikune pua.

Kwenye kidole changu kidogo cha kushoto kuna ua la hina. Limekolea. Lina jani moja limevutika, kama mtu alipiga chafya.

Nikalisugua kwa mate. Halitoki. Nikatafuta kovu langu, halipo.

Nikamgusa Shemsa begani. Sikumwita, nimekoma. Alikuwa macho. Alikuwa anatazama mkono wake wa kushoto kwa muda mrefu, nadhani tangu kabla sijaamka. Vidole vinne vina maua mpaka kwenye ncha, na kile kidogo ni kitupu, cheupe cheupe, kina koma ya tindikali.

Akakikunja ndani ya kiganja, akakificha chini ya kanga.

"Usimwambie mama," akasema.

Ananiambia mimi. Watu wote wa dunia hii, ananiambia mimi.

Nimejaribu, Mungu anaona. Nimekaa nayo toka nilipoamka hadi chai inapochemka, ndiyo maana nawaandikia nyie. Mama sijamwambia. Nimevaa glavu ya kuoshea vyombo mkono mmoja, nimesema naumwa. Shemsa anakunja nguo zake, kaanza kuuliza watu soko la Mpanda liko upande gani, na kila akiinua kitambaa naona kile kidole kinanyooka vizuri tu, kana kwamba kwake kimefika nyumbani.

Keshokutwa anaondoka nacho kwa treni.